Paipu ya Ndege na Neno Lililokosewa

Sisi tuishio Woodley hatuhitaji saa ya kengele. Kabla jua halijapanda vyema, ndege ndogo huanza kunguruma upande wa Uwanja wa Wilson, ng'ambo ya Kibera, na mtoto wa shule ya msingi mtaani humu aweza kukuambia ipi yaelekea Maasai Mara na ipi ni ya wanafunzi wa urubani. Mtoto huyo huyo akifika sekondari, ukamwuliza rubani hujuaje yuko juu kiasi gani, atakukariria fomula ya kanieneo kisha anyamaze.

Sina haki ya kumcheka. Mwaka jana mpwa wangu aliniletea kurasa nne za maelekezo ya Kiingereza. Yeye ni fundi msaidizi katika karakana ambamo bwana mmoja anajiundia ndege ya viti viwili kwa vipande vilivyoagizwa kutoka ng'ambo. Mafundi wenzake huelewana kwa Kiswahili. "Mjomba, wewe ndiwe daktari wa lugha," alinitania, "hebu tutafsirie." Nilikubali kwa kiburi cha wasomi, nikaimaliza kazi usiku mmoja bila kuondoka mezani.

Siku mbili baadaye alirudi na swali kutoka kwa fundi mkuu: je, wafunge na waya wa kupeleka umeme ardhini? Nilishangaa. Kumbe neno la Kiingereza lililomaanisha hewa iliyotulia nilikuwa nimelifasiri kuwa ni umemetuli, kwa sababu ndivyo nilivyolizoea katika vitabu vya fizikia. Paipu ya hewa nilikuwa nimeigeuza kuwa paipu ya umeme!

Ilinibidi niende karakanani nikaone kwa macho. Ubavuni mwa ndege, kushoto na kulia, mna vitundu vidogo vilivyosawazishwa na bati. Upepo hupita juu yavyo bila kusukuma ndani, hivyo vikapokea kanieneo ya hewa ilivyo nje, wala si nguvu ya mwendo. Paipu nyembamba ya nailoni huviunganisha vitundu hivyo viwili ili ndege ikienda mshazari kosa la upande mmoja lipunguzwe na upande wa pili. Kutoka hapo paipu huenda hadi kwenye vyombo vitatu mbele ya rubani: altimita inayoonyesha kimo, chombo cha kuonyesha kasi ya kupanda na kushuka, na kipimamwendo. Hiki cha mwisho hupokea pia paipu ya pili, itokayo kwenye mrija unaoelekezwa upepo unakotoka, na tofauti kati ya hizo mbili ndiyo mwendo wa ndege. Ukizibadilisha, kila kitu huharibika.

Kazi yenyewe yaonekana nyepesi kuliko kufunga bomba la jikoni. Hapo ndipo hatari ilipo. Paipu ikilegea katikati, maji ya mvua au ya umande hukusanyika pale ilipoinama. Sentimita moja tu ya kina cha maji, ikiwa imeiziba paipu, yaweza kuipotosha altimita kwa takriban futi 30, yaani kimo cha nyumba ya ghorofa tatu. Kwa sababu hiyo paipu hupandishwa kwanza kutoka kwenye kitundu, kisha huwekwa mteremko, na mahali pa chini kabisa huachwa kizibo cha kumwagia maji. Kiungio kikivuja ndani ya chumba cha rubani, chombo hupokea hewa ya chumbani, ambayo aghalabu kanieneo yake ni ndogo kuliko ya nje. Altimita hudanganya kwamba ndege iko juu zaidi ya ilipo. Rubani aliye kati ya mawingu na Milima ya Ngong hahitaji uongo wa namna hiyo.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya ndege za kuchezea. Mnamo tarehe 2 Oktoba 1996, Boeing 757 ya shirika la AeroPerú iliruka usiku kutoka Lima. Waliokuwa wakiiosha walikuwa wameviziba vitundu hivyo kwa utepe na kusahau kuubandua. Marubani hawakuweza kujua kimo wala mwendo wao, ndege ikaanguka baharini na watu wote 70 waliokuwamo wakafa. Miezi minane kabla, ndege ya Birgenair ilianguka karibu na Puerto Plata na kuua watu 189. Ilidhaniwa kuwa nyigu wa udongo alikuwa amejenga katika mrija wa upepo. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kosa langu liligunduliwa kwa sababu fundi aliuliza. Je, kama angelinyamaza kwa heshima ya shahada yangu? Tumeunda istilahi nyingi ofisini, na zingine ni nzuri. Neno kanieneo lenyewe, kani juu ya eneo, linajieleza kuliko lile la Kiingereza. Lakini istilahi isiyopitia mkononi mwa mwenye kazi haijulikani kama inafaa. Tangu Katiba ya 2010 Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii, ilhali maelekezo ambayo kosa lake huua bado humfikia fundi katika lugha anayoikisia.

Walimu wa fizikia, hili laweza kuanza kwenu kwa shilingi chache. Chukueni paipu ya plastiki inayopenyeza mwanga, ile ambayo waashi hutia maji kusawazishia kuta. Ikunjeni mfano wa herufi U, mtie maji, kisha mvute hewa taratibu upande mmoja mpaka tofauti ya maji ifike sentimita 30 na zaidi kidogo. Hapa Nairobi hiyo ni sawa na kupanda kama futi 1,000. Katika karakana niliona jaribio kama hilo likifanywa kwenye ndege: hewa huvutwa polepole sana hadi altimita ipande futi 1,000, paipu huzibwa, na kwa dakika nzima mshale usishuke zaidi ya futi 100. Mara ya kwanza ulishuka 400. Kiungio kimoja kilikuwa hakijakazwa.

Tafsiri yangu mpya tuliiandika pamoja, nikiwa nimesimama kando ya bawa na kalamu mkononi. Fundi mkuu aliipitia mstari kwa mstari. Pale nilipoandika "mrija udumishe mwinamo stahiki", alikata kwa kalamu nyekundu akaandika: "paipu isifanye tumbo". Ndivyo ilivyobandikwa ukutani.