Michango ya kampeni Marekani: Barua pepe zinazoleta pesa leo na kufukuza wafuasi kesho

Chukulia mpiga kura wa kawaida nchini Marekani. Amemwona mgombea fulani kwenye runinga, kampenda. Anafungua tovuti yake, anachangia dola 10 na kuacha anwani yake ya barua pepe. Moyoni anaona ametimiza wajibu.

Kesho yake asubuhi inaingia barua ya kumwambia kwamba mambo yameharibika. Mchana inakuja nyingine inayomlaumu kwa kutojibu ile ya kwanza. Jioni ya tatu inamwambia ana muda hadi saa 6 usiku, vinginevyo nchi inaangamia. Wiki mbili baadaye anaandikiwa na wagombea wa majimbo ambayo hajawahi hata kuyakanyaga.

Mwisho wa siku anachoka. Anabonyeza kitufe cha barua taka na kuachana nao wote, pamoja na yule aliyempenda mwanzoni.

Hesabu hiyo ndiyo kampeni nyingi haziipigi. Marekani inaelekea kwenye uchaguzi wa Bunge la Congress wa Novemba 3, 2026, na vyama vyote viwili vikubwa, Democratic na Republican, vinategemea sana barua pepe na ujumbe wa simu kukusanya michango midogo midogo. Pesa zinaingia, hakuna ubishi. Swali ni kiasi gani cha imani ya watu kinachomwa ili kuzipata.

Ilianza na mafanikio

Mtindo huu haukuzuka tu. Mwaka 2003, Howard Dean, gavana wa zamani wa Vermont, aliushangaza ulimwengu wa siasa alipokusanya mamilioni ya dola kupitia intaneti kutoka kwa watu wa kawaida. Hakupata tiketi ya chama chake, lakini njia aliyoifungua ilibaki.

Mwaka 2012 Barack Obama akaipeleka mbali zaidi. Kampeni yake ilikusanya takriban dola milioni 690 kwa njia ya mtandao, na sehemu kubwa ya fedha hizo ililetwa na barua pepe. Timu yake ilikuwa ikiandika matoleo mengi ya barua moja, inayatuma kwanza kwa makundi madogo, inaangalia lipi limeleta pesa nyingi, kisha hilo ndilo linakwenda kwa mamilioni ya watu.

Barua moja iliyotumwa Juni mwaka huo, ikionya kwamba Obama angekuwa rais wa kwanza aliye madarakani kuzidiwa na mpinzani kwa matumizi ya kampeni, iliingiza zaidi ya dola milioni 2 peke yake. Nyingine zilikuwa na kichwa cha neno moja tu, "Hey", kama salamu ya rafiki, na zikafanya vizuri.

Wahusika walieleza baadaye kwamba waligundua jambo jingine: kutuma barua nyingi zaidi hakukufukuza watu wengi. Waliojiondoa kwenye orodha walikuwa wachache mno wakilinganishwa na pesa zilizoingia. Somo likasambaa haraka kwa kila mshauri wa kampeni: tuma, tuma tena, halafu tuma nyingine.

Kisima kimoja, ndoo elfu

Hapo ndipo penye tatizo. Kilichokuwa kweli kwa kampeni moja, ya mgombea aliyependwa sana na wafuasi wake, hakiwi kweli kila mtu anapofanya vilevile.

Kikasha cha barua cha mwananchi ni kama kisima cha kijiji. Mmoja akichota ndoo 10 zaidi, hakuna atakayeona tofauti. Wakichota hivyo watu 1,000, wote wanabaki na tope. Kila kampeni inafaidika na barua yake ya ziada, lakini gharama ya uchovu inalipwa na wote, hata yule mgombea anayeandika kwa adabu mara moja kwa wiki.

Isitoshe, kipimo chenyewe kinaangalia upande mmoja. Jaribio la barua linaonyesha ndani ya saa chache nani katoa pesa. Halionyeshi nani kaguna na kufuta, nani aliyekuwa anafikiria kujitolea kugonga milango siku za mwisho lakini sasa hataki hata kulisikia jina la mgombea. Huyo hajajiondoa kwenye orodha. Yumo, anahesabika kama mfuasi, kumbe alishaondoka zamani.

Hila zimekuwa kawaida

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walikusanya zaidi ya barua pepe 300,000 za kisiasa zilizotumwa katika msimu wa uchaguzi wa 2020, kutoka kwa kampeni na makundi zaidi ya 3,000. Walihitimisha kwamba hila katika barua hizo zilikuwa ndiyo kawaida.

Baadhi ya hila ni za kudanganya moja kwa moja. Sehemu ya jina la mtumaji inaandikwa kwa namna inayomfanya msomaji adhani ni mwendelezo wa mazungumzo aliyokwisha kuyaanza. Nyingine si uongo mtupu, lakini zinacheza na hofu na udadisi: kichwa cha habari cha kushtua, sentensi iliyokatwa katikati, saa inayohesabu kurudi nyuma.

Ipo pia ahadi ya kwamba kila dola utakayotoa itaongezwa mara 5 na mfadhili. Hapa inafaa kutulia kidogo. Sheria ya Marekani inaweka kikomo cha kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kumpa mgombea wa ngazi ya shirikisho. Kwa msimu wa 2025 na 2026 ni dola 3,500 kwa kila uchaguzi. Sasa tajiri gani huyo atakayeongeza mara 5 michango ya maelfu ya watu kwa mgombea mmoja bila kuvuka kikomo hicho? Mwenye kuijua sheria anacheka. Asiyeijua anatoa, kisha siku akiambiwa ukweli anajiona amefanywa mjinga.

Hata tarehe za mwisho si zote za kweli. Ni kweli kwamba hesabu za michango hufungwa mwisho wa robo mwaka, na takwimu nzuri humsaidia mgombea kuonekana ana nguvu. Lakini msomaji anayeambiwa kila wiki kwamba usiku wa leo ndio mwisho huacha kuamini hata ule usiku ambao kweli ni wa mwisho. Wahenga walishasema, njia ya mwongo ni fupi.

Dola za mara moja zikawa za kila wiki

Mfano mkubwa wa mambo kwenda kombo ni wa mwaka 2020. Kampeni ya Donald Trump iliweka kwenye ukurasa wa kuchangia kisanduku ambacho tayari kilikuwa na alama ya tiki. Asiyekiona na kukiondoa, mchango wake wa mara moja uligeuka wa kujirudia, na kufikia Septemba ulikuwa wa kila wiki. Kisanduku cha pili kiliongeza makato mengine juu yake.

Gazeti la The New York Times lilipochunguza suala hilo mwaka 2021, lilibaini kwamba kampeni ya Trump, chama cha Republican na akaunti zao za pamoja zilirudisha zaidi ya dola milioni 122 kwa wachangiaji wa mtandaoni katika mwaka 2020. Hiyo ni zaidi ya asilimia 10 ya zilizokusanywa kupitia jukwaa la WinRed. Kwa upande wa Joe Biden, waliotumia jukwaa la ActBlue, zilizorudishwa zilikuwa karibu asilimia 2.

Walioumia hapo hawakuwa wapinzani. Walikuwa wafuasi wa Trump mwenyewe, wengi wao wazee, waliokuta akaunti zao zimekauka na kukimbilia benki kulalamika. Baadhi ya kamati za Democratic nazo zilikuwa zikitumia visanduku vya namna hiyo.

Mei 2021, Tume ya Shirikisho ya Uchaguzi, ambayo makamishna wake wa vyama viwili ni nadra kukubaliana, ilipiga kura kwa kauli moja kulitaka Bunge lipige marufuku visanduku vilivyowekwa tiki mapema.

Anwani yako ni bidhaa

Mchangiaji akishangaa jina lake limefikaje kwa mgombea wa jimbo la mbali, jibu ni rahisi: orodha za anwani hukodishwa, huuzwa na hubadilishanwa. Scott Walker, aliyekuwa gavana wa Wisconsin, alijitoa katika mbio za urais Septemba 2015 akiwa na madeni, na orodha ya wafuasi wake ikakodishwa ili kuyalipa.

Utafiti ule wa barua 300,000 ulionyesha pia kwamba anwani zilipelekwa kwa watumaji wengine kinyume na sera za faragha ambazo kampeni zenyewe ziliziandika.

Na sheria haimsaidii sana mwananchi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2003 ya kudhibiti barua taka inahusu barua za kibiashara. Duka likikataa kukuondoa kwenye orodha linavunja sheria. Barua za kampeni za siasa hazimo.

Msomaji naye ana kitufe

Lakini mwenye simu hayuko mikono mitupu. Tangu Februari 2024, Google imeweka masharti kwa wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda kwa watumiaji wa Gmail. Wanatakiwa kuweka njia rahisi ya kujiondoa na kuhakikisha wanaobonyeza kitufe cha barua taka hawafiki asilimia 0.3. Ukivuka hapo, barua zako zinaanza kupelekwa kwenye kapu la taka, hata kwa wale ambao bado wanakupenda.

Maana yake ni kwamba watu 3 tu wenye hasira katika kila 1,000 wanaweza kuiharibia kampeni njia ya kuwafikia wengine 997.

Kabla ya hapo, mwaka 2022, Google iliomba na kupata idhini ya Tume ya Uchaguzi kufanya majaribio ya kuruhusu barua za kampeni zipite bila kuchujwa. Maoni ya wananchi yalimiminika kwa tume hiyo, mengi yakipinga kwa maneno makali. Kwa mara chache, watu wa vyama vyote waliongea lugha moja: tumechoka. Majaribio hayo yalimalizika Januari 2023.

Njia nyingine ipo

Wapo walioonyesha kwamba si lazima mtu atishwe ndipo atoe. Mwaka 2016 Bernie Sanders alijenga kampeni nzima juu ya michango midogo, na wastani wake wa dola 27 ukawa kama nembo yake jukwaani. Mchangiaji alijua pesa yake inasimamia nini: bima ya afya kwa wote, vyuo vya umma bila ada, vita dhidi ya fedha za matajiri katika siasa.

Februari 2021, baridi kali ilipokata umeme na maji Texas, mbunge Alexandria Ocasio-Cortez wa New York aliwageukia wafuasi wake, akakusanya takriban dola milioni 5 kwa ajili ya mashirika ya misaada ya huko. Kwa wafuasi hao, orodha ilionekana ni jamii ya watu wanaoweza kuitwa kufanya jambo.

Afrika Mashariki nayo inaangalia

Kwa wasomaji wa Kiswahili wenye uraia au ukaazi wa kudumu Marekani, ambao sheria inawaruhusu kuchangia, habari hii si ngeni. Lakini hata nyumbani mlango umeshafunguka. Tanzania, chama cha CHADEMA kilianzisha mwaka 2025 kampeni ya Tone Tone, kikiomba wananchi wachangie kidogo kidogo, na simu ikiwa njia mojawapo.

Kenya, Juni 2021, maelfu ya watu walipigwa na butwaa walipogundua wameandikishwa kuwa wanachama wa vyama bila kuulizwa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019, Tanzania ina yake ya mwaka 2022. Sheria zipo. Kitakachoamua ni kama vyama vitaiona namba ya simu ya mwananchi kama dhamana au kama mgodi.

Kwa sababu siku inafika ambapo kampeni haihitaji dola 10 tena. Inahitaji mtu ampe jirani lifti hadi kituo cha kura, asimame kwenye foleni kwenye mvua, amshawishi shemeji yake aliyekata tamaa. Ombi hilo nalo litatumwa kwa barua pepe. Ila yule mfuasi wa kwanza hataliona. Litakuwa kwenye kapu la taka, pamoja na mengine yote.