Butala si aibu ya mugini

Kuna watu wa Lubumbashi, tena wenye kusoma, ambao wakipita barabara ya Kasenga na kuona butala imesimama nyuma ya nyumba, wanacheka: "Ile ni mambo ya bankambo!" Sisi tunakataa. Butala si alama ya umasikini. Ni kazi ya akili, na kwa mwenye macho ni kitu kizuri.

Tuangalie namna inavyojengwa. Kwanza nguzo za mti mugumu, zinazoiinua juu ya ardhi ili unyevu na panya visifike. Kiisha fito zinasukwa mviringo sawa kitunga kikubwa. Wengine wanapaka udongo wa kichuguu, wengine wanaacha nafasi upepo upite. Juu ni kofia ya majani. Jua na mvua za miaka vinageuza fito rangi ya majivu, udongo unapasuka, na butala inaegama kidogo sawa muzee mwenye kushika fimbo. Haipigi kelele. Lakini ukiiona imejaa mwezi wa sita, unajua kwamba watoto wa ile nyumba watakula hata mwezi wa pili, wakati wengine wanahesabu meka za bunga.

Njo pale ugomvi wetu unapoanzia. Mji wetu tangu mwanzo umezoea kula cha wengine. Mwaka 1910 reli ilifika toka kusini, na mahindi ya Rhodesia yakaja nayo kulisha wafanyakazi wa Union Minière. Mpaka leo bunga nyingi inapitia Kasumbalesa. Mwaka 2024 ukame ulipiga Zambia: mvua ilikosa kwa jirani, na bukari ikawa ya taabu mezani kwetu. Gavana Moïse Katumbi, aliyeongoza Katanga tangu 2007 mpaka 2015, alitaka kila kampuni ya madini ilime hekta 500. Kulima ni vizuri. Lakini nani alituuliza mavuno ya mwenye shamba mudogo yatalala wapi? Mulimaji asiye na butala anauza yote mwezi wa tano kwa bei ya kutupa, kiisha mwezi wa kwanza ananunua bunga kwa bei ya kulia.

Watatuambia: "Fukusi wanakula mahindi mu butala." Ndiyo, wanakula, kama mahindi hayakukauka. Bankambo walikausha sawasawa, na mbegu waliitundika juu ya moto, moshi ukailinda. Mufuko uliolazwa juu ya sima baridi nao unaota kuvu. Mambo mapya yenye faida tuyapokee, hatuna vita nayo. Lakini tusitupe kitu kabla ya kukielewa.

Tunawapinga pia wale wanaoipenda butala mu picha tu, imewekwa ukutani saloni. Uzuri wake unatoka kwenye kazi. Butala tupu ni maiti iliyovaa vizuri.

Basi tunaomba: kila shule ya sekondari ya pembeni mwa mji iite wazee, ijenge butala moja pamoja na wanafunzi, na kuijaza mahindi ya shamba la shule. Somo la hesabu, la biolojia na la historia yote yatapatikana mule. Na tufanye haraka, kwa maana miti ya fito inageuka makala kila siku, na wazee wenye kujua kusuka wanapungua.

Wahenga walisema: akiba haiozi. Lakini walijenga kwanza mahali pa kuiweka.