Usiache Wengine Wakufanyie Hesabu Peke Yao

Siku ya soko Nyakoe, kabla ya saa tatu asubuhi, mikungu ya ndizi tayari imepangwa na akina mama wanavutana bei na madalali. Wakikubaliana, mnunuzi anatoa simu, meseji inaingia, mama anaisoma mara mbili ndipo anaachilia mzigo. Hapo kila mtu ni mtaalamu wa hesabu. Hakuna anayemdanganya mama wa Nyakoe kwa shilingi 20.

Lakini kuna hesabu nyingine ambayo wengi wetu hatuifanyi, na inatugharimu zaidi ya hiyo shilingi 20.

Shangazi yangu huuza ndizi hapo. Mwaka jana alikuwa anatafuta karo ya mtoto. Akakaa chini, akaandika faida yake ya siku sita, Jumatatu hadi Jumamosi: 300, 400, 350, 250, 400, 3,100. Hiyo 3,100 ilikuwa ya Jumamosi, siku mnunuzi wa mbali alipochukua mzigo wote. Akajumlisha, akapata 4,800. Akagawanya kwa sita, akapata 800. "Kumbe kila siku napata 800," akasema. "Nikilipa 500 nabaki na 300 ya chakula."

Akakopa shilingi 12,000 kwa simu, za siku 30, ada asilimia 7.5. Deni likawa 12,900. Siku 26 za kazi mara 500 ni 13,000, kwa hivyo kwenye karatasi ilitosha kabisa.

Mnunuzi wa Jumamosi hakurudi mwezi huo. Siku ya 30 ilipofika shangazi hakuwa na hata nusu. Akakopa kwingine kulipa pale, na ndipo shida ikaanza.

Kosa lilikuwa wapi? Kujumlisha alijumlisha sawa, na kugawanya pia. Tatizo ni kwamba siku moja kubwa iliuvuta wastani juu. Hebu zipange zile siku kutoka ndogo hadi kubwa: 250, 300, 350, 400, 400, 3,100. Sasa tazama katikati, kati ya 350 na 400. Unapata 375. Hiyo ndiyo siku yake ya kawaida. Siku 26 mara 375 ni 9,750. Yaani hata angelala njaa mwezi mzima na kulipa kila senti ya faida, asingefikisha 12,900.

Angetumia ile namba ya katikati, angeona kwamba anaweza kutenga kama 180 kwa siku, ambayo ni 4,680 kwa mwezi. Mkopo wa 4,000 na ada yake ya 300 angeulipa na usingizi akaupata. Karo iliyobaki angeongea na shule au na chama.

Hesabu si ya maprofesa tu

Watu wakisikia uchambuzi wa takwimu wanafikiria chuo kikuu. Lakini takwimu zimefanya kazi hapa hapa kwetu.

Wazee wa Gusii wanakumbuka malaria ya milimani, ile inayokuja ghafla na kujaza wodi. Dkt Andrew Githeko wa KEMRI na mwenzake Ndegwa waliweka pamoja rekodi za joto, mvua na wagonjwa wa malaria wa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya. Mwaka 2001 walichapisha njia ya kutabiri mlipuko kutokana na hali ya hewa. Joto likipanda kupita kawaida kisha mvua kubwa ikafuata, hospitali zinaweza kujiandaa mapema badala ya kushtukizwa. Ni daftari la joto, daftari la mvua na daftari la wagonjwa, yakisomwa pamoja.

Kwenye matatu pia. Watafiti James Habyarimana na William Jack walichagua magari kwa bahati nasibu, mengine yakabandikwa stika za kuwahimiza abiria wampigie dereva kelele akiendesha vibaya, mengine yakaachwa hivyo hivyo. Kisha wakahesabu madai ya bima. Yenye stika yalikuwa na madai machache. Bila kulinganisha makundi hayo mawili, tungebaki kubishana tu kama stika inasaidia.

Na pesa za simu zenyewe? M-Pesa ilianza Machi 2007. Mwaka 2016, Tavneet Suri na huyo huyo William Jack walichapisha matokeo ya kufuatilia familia kwa miaka kadhaa, wakilinganisha maeneo ambako mawakala waliongezeka sana na ambako hawakuongezeka. Walikadiria kwamba huduma hiyo ilitoa familia zipatazo 194,000 katika umaskini, karibu asilimia 2 ya familia za Kenya, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea shamba wakaingia biasharani. Shangazi yangu ni mmoja wa aina hiyo. Simu ilimsaidia kweli. Ndiyo maana inaniuma ikimwangusha.

Wanakuhesabu, nawe jihesabu

Nitasema wazi, hata kama naandika kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo. Kila anayekukopesha kwa simu anakuhesabu. Anaangalia unapokea kiasi gani, mara ngapi, na ulilipaje deni la mwisho. Hakuna ubaya. Ubaya ni wewe kudhani kwamba limiti aliyokupa ni kipimo cha uwezo wako. Simu ikipokea 20,000 za ndizi na 18,500 zikatoka kwenda kwa mkulima na bodaboda, zako ni 1,500. Mashine inaona zile 20,000 zikipita. Haijui kama mtoto ni mgonjwa. Hizo unazijua wewe.

Kuna watakaosema mama wa soko hana muda wa mambo haya. Sikubaliani nao. Mtu anayeweza kukadiria mkungu kwa macho tu na kujua utamletea faida gani hashindwi na kupanga namba sita. Kinachokosekana ni mazoea.

Basi tuanze hivi:

1. Omba taarifa ya miamala yako ya miezi sita. Tenga pesa za biashara na zile ulizotumiwa na watoto au ndugu. Msaada si mapato. Ongeza mauzo ya pesa taslimu, kwa sababu simu haiyaoni.

2. Andika faida, si mauzo, kila jioni. Kila baada ya wiki mbili zipange kutoka ndogo hadi kubwa, utazame ya katikati. Panga maisha kwa hiyo. Siku kubwa ikija, iweke akiba.

3. Kabla ya kukopa, geuza ada iwe shilingi. Asilimia 7.5 inasikika ndogo. Kwa mkopo wa 12,000 ni 900 kwa mwezi. Ukiuzungusha mwaka mzima umelipa 10,800 za ada, na ile 12,000 bado unadaiwa. Lakini ukinunulia mzigo unaokuletea faida zaidi ya 900 kabla ya mwezi kuisha, mkopo huo umekufaa. Ada ni ile ile, tofauti ni kazi uliyoipa hiyo pesa.

Wakulima wa chai wa Kisii na Nyamira wanalijua hili. Bonasi ikilipwa inaonekana pesa nyingi, lakini anayeigawanya kwa miezi 12 ndiye haendi kukopa Januari.

Shangazi alimaliza deni, polepole, kwa msaada wa chama. Siku hizi ana daftari dogo ndani ya leso. Nilimuuliza juzi biashara ikoje. Hakuniambia nzuri wala mbaya. Alifungua daftari akasema, "Ya katikati ni 410."

Yako ni ngapi? Anza kuandika leo jioni. Na daftari hilo, kama namba yako ya siri, usimwachie mtu mwingine akushikie.