Pesa za Shoo na Kiti cha Ukapteni: Majibu kwa Madai ya Pipeline

Wachezaji densi wa zamani wa mtaa wa Pipeline, hapa Nairobi, wakikutana pale Stage Mpya, salamu haziishi vizuri kabla ya mazungumzo kurudi kulekule: nani alipokea pesa za ile shoo, nani alijipa ukapteni, nani aliondoka na mavazi ya kundi akayauza. Wengine sasa ni makondakta, mafundi wa simu, wazazi wa watoto wawili watatu. Magoti yamekauka, machungu bado mabichi. Mimi nilicheza katika kundi moja la mtaa huu, nikatoka nikiwa nadai, na kwa miaka mingi nimesikia maneno yaleyale yakirudiwa mpaka yakachukuliwa kuwa kweli. Sehemu kubwa si kweli. Nayajibu kwa sababu kuna watoto wanaofanya mazoezi leo juu ya paa zilezile, katikati ya kamba za nguo, wakimbembeleza keateka wa jengo asifunge mlango, na naona tunawarithisha ugomvi kabla hatujawarithisha mitindo.

Dai linalosikika kuliko yote ni kwamba kapteni alikula pesa. Tuhesabu kwanza. Chukua mfano wa shoo ya shilingi 20,000 na wachezaji wanane. Mchezaji akisikia "elfu ishirini", kichwani mwake anagawanya kwa nane na kupata 2,500, na kabla hajapanda jukwaani keshaitumia. Lakini aliyeleta kazi huchukua chake, tuseme 2,000. Nauli ya kwenda na kurudi kwa watu wanane, 200 kila mmoja, ni 1,600. Fulana na suruali za Gikomba pamoja na kazi ya fundi, 5,000. Chakula, 1,200. Kijana wa kumiksi nyimbo, 1,500. Hapo zimekwenda 11,300, na zilizobaki ni 8,700. Kila mchezaji anastahili 1,087 na senti. Kapteni akimpa kila mmoja 1,000, mchezaji anaona ameibiwa 1,500, ilhali hakuna aliyekula hata nusu ya hiyo.

Kwa hiyo dai la kwamba zote zililiwa, mimi silikubali. Nimeshuhudia kapteni akikopa nauli ili kundi lifike kwenye shindano, akalipa deni hilo peke yake, na bado akaitwa mwizi. Ila ona kilichobaki katika mfano wangu: 8,700 ukitoa 8,000 ni 700. Ziko wapi? Hizo 700 ndizo zilizovunja makundi. Hazikuvunja kwa ukubwa wake. Zilivunja kwa sababu aliyeulizwa alikasirika badala ya kujibu, na shoo iliyofuata swali likawa la 700 mbili, kisha tatu, na hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa.

Hapo ndipo upande wa pili nao unapokosea. Watetezi wa makapteni hudai kwamba waliolalamika walikuwa na wivu, hawana shukrani, walitaka kiti. Labda mmoja au wawili walikitaka, na kukitaka kiti si kosa. Lakini anayedai hesabu hadaiwi ushahidi. Aliyeshika pesa ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha zilivyotumika, hata kama kila mtu anamwamini, hata kama yeye ndiye aliyetufundisha kucheza. Chama cha akina mama wa ploti yoyote ya Pipeline kinajua hili. Kila wiki hela zinahesabiwa mezani, jina linaandikwa, daftari linapita mkono kwa mkono, na hakuna mama anayesema ametukanwa kwa kuombwa daftari.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wengi hawalitaji, nami nalitaja kwa sababu lilileta lawama nyingi za uongo na nyingi za kweli. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, malipo ya shoo huingia kwenye simu moja, na simu hiyo ni ya kapteni. Ilikuwa afadhali kuliko bahasha inayopita mikononi mwa watu watano. Kisha mwaka 2019 ikaja Fuliza, mkopo wa M-Pesa. Sasa kapteni akiwa anadaiwa Fuliza, malipo ya kundi yakiingia, deni lake linakatwa kwanza kabla hajagusa kitu. Pesa za watu wanane zimelipa unga na kodi ya mtu mmoja, na hakuna aliyenyoosha mkono kuiba. Huyo kapteni atawaeleza nini wenzake? Wengi walinyamaza wakitumaini kufidia kwa shoo itakayofuata, na shoo hiyo haikuja. Mtu kama huyo simwiti mwizi. Lakini nasema wazi kwamba deni hilo lipo, na kunyamaza hakukulifuta.

Tuje kwa ukapteni wenyewe. Inasemwa kwamba aliyeanzisha kundi ndiye mwenye kundi, na asiyependa aende akaanzishe lake. Dai hili lina mizizi mirefu, na ndilo linalonikera zaidi, kwa sababu huletwa siku ya malipo tu. Siku ya mazoezi tunaambiwa sisi ni ndugu, tutoe jasho, tuchange 50 ya spika. Fedha zikifika tunaambiwa kundi lina mwenyewe.

Sheria ya Kenya inatoa njia zaidi ya moja, na kila njia ina maana yake. Mtu akisajili jina la biashara kwa jina lake peke yake, biashara ni yake, na wanaomchezea wanapaswa kuambiwa hivyo mapema na kupatana malipo kama vibarua wengine wowote. Vijana wakijisajili kama kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, wanahitaji wanachama wasiopungua kumi, katiba, na viongozi waliochaguliwa, na mali inakuwa ya kikundi. Wachezaji wanane hawatoshi, lakini muongeze fundi wa mavazi na yule wa kumiksi nyimbo, ambao kwa kweli walikuwa wenzetu siku zote, na kumi wametimia. Makundi mengi ya hapa hayakufanya hili wala lile. Yaliishi kwa jina lililoandikwa mgongoni mwa fulana, na jina hilo likawa la yule aliyekuwa na nywila ya akaunti ya YouTube.

Na jina lina thamani, mtu asikudanganye. Watoto wa Ghetto Kids wa Kampala walijulikana mwaka 2014 kwa video ambamo walicheza wimbo wa Eddy Kenzo, na mwaka 2023 wakafika fainali ya Britain's Got Talent kule Uingereza. Hapa kwetu, kizazi changu kilikua kikitazama mashindano ya Sakata kwenye Citizen TV, na kila kundi la Eastlands lilikuwa na mtu aliyeapa kwamba mwaka ujao tutaonekana pale. Mwaka 2018 muziki wa gengetone ulipolipuka na densi ya odi ikawa inachezwa hadi kwenye harusi, video nyingi zilitaka wachezaji. Aliyekuwa na jina la kundi ndiye aliyepigiwa simu. Kwa hiyo swali la nani mwenye jina halikuwa la majivuno. Lilikuwa swali la nani atakula.

Eti wasichana ndio waliovunja makundi. Hili nalijibu kwa ufupi kwa kuwa halistahili zaidi. Msichana aliyeacha kundi kwa sababu mazoezi yaliisha saa nne usiku na hakuna aliyemsindikiza hadi mlangoni, hajavunja kitu. Kundi langu lilikuwa na wasichana watatu, na mmoja wao ndiye aliyekuwa akibuni hatua. Hakuna siku hata moja tuliyomfikiria kwa ukapteni. Kosa hilo ni letu, na langu pia.

Wazee wa mtaa nao wana lao: kwamba zamani watu walicheza kwa mapenzi tu, pesa zimekuja kuwaharibu vijana wa siku hizi. Historia ya uswahilini inakataa. Beni, ngoma iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara, ilikuwa na vyama kamili vyenye viongozi waliopewa vyeo vya kifalme na vya kijeshi. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Kwingineko kulikuwa na Marini na Arinoti. Wanachama walichanga, walinunua sare na ala za muziki, walifanyiana karamu za kushindana hadi watu wakatumbukia madeni, na walisaidiana katika maradhi na misiba. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yao, kilichotoka mwaka 1975. Pesa na vyeo vimekuwa ndani ya ngoma kabla Pipeline haijawa na ghorofa hata moja. Walichokuwa nacho wale, na sisi hatukuwa nacho, ni chama: kila mtu alijua cheo chake na mchango wake. Vijana wa sasa hawajaharibiwa na pesa. Wameachwa wazishike bila mpango, na wengi wao wakiwa bado na sare za shule.

Limebaki dai la upole, nalo ndilo gumu kulipinga: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Naiheshimu methali hii. Lakini nimegundua kwamba mtaani kwetu anayeitamka mara nyingi ni yule aliyepokea. Yule aliyekosa hukumbuka methali nyingine, kwamba dawa ya deni ni kulipa. Na mambo ya jana bado yanaamua ya kesho. Kuna wachezaji hodari hapa Pipeline ambao hawafundishi watoto kwa sababu hawataki kusimama ukumbi mmoja na fulani. Watoto wanakosa walimu wawili kwa ajili ya shoo ambayo hata aliyeilipia ameisahau.

Kwa deni lisilo la zamani sana, mlango uko wazi. Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya pesa ambazo mtu amepokea kwa niaba ya mwingine. Huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Lakini madai ya mkataba yaliyopita miaka sita sheria haiyasikilizi tena, na mengi ya machungu yetu yamevuka umri huo. Hayo hayana hakimu. Yana sisi wenyewe tu.

Basi nawaomba nyinyi mliowahi kushika simu ya kundi, katika mtaa huu wa Pipeline, Tassia hadi Kware. Andikeni mnachokumbuka: shoo ipi, ziliingia ngapi, zilitoka kwa nani. Ambaye deni lake si la zamani aombe taarifa ya M-Pesa kupitia *334# aiweke mezani. Na sisi tuliokuwa tukidai tusikilize mpaka mwisho kabla ya kufungua midomo, kwa sababu huenda tukakuta tulichodai miaka yote ni shilingi 87.