NI KABILA GANI HUYO?



Ndugu yangu Muislamu wa Morogoro, kijana ameleta posa kwa binti yako. Anaswali, ana kazi ya halali, watu wa msikiti wake wanamshuhudia kwa wema. Wewe umeuliza swali moja tu: “Ni kabila gani huyo?” Ukaambiwa Msukuma, ukasema familia itashauriana. Mashauriano ya miezi minne?

Utaniambia: “Shekhe, sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mashamba ya mlimani ni ya ukoo.” Sawa. Kwa mila hiyo hiyo, watoto wa binti yako ni wa ukoo wako hata baba yao akitoka Mwanza! Mila unayojifichia haikusaidii. (Katika nasaba na mirathi sharia ina neno lake, tutalisema siku nyingine.)

Faatwimah bint Qays alikuwa Mquraishi, na wakubwa wa Kiquraishi walimposa. Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) akamwelekeza kwa Usaamah, mtoto wa Zayd, yule aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Mwanzo hakupenda. Akatii, na akaja kusimulia mwenyewe kheri aliyoipata. Je, nasaba yako imeipita ya Maquraishi?

“Natania tu, Shekhe.” Utani naujua, naupenda. Mtani hukurudishia, hata msibani. Lakini mtu anatafuta chumba Kihonda, unamuuliza kabila, kisha unamwambia chumba kimeshapata mpangaji, na bango bado liko ukutani. Hapo nani kamtania nani?

Sikatazi kujiita Mluguru. Suuratul Hujuraat, aya ya 13, inatufundisha kuwa makabila yamewekwa ili tujuane, na mbora ni mchamungu. Lakini safarini, Muhajiri mmoja alimpiga Ansari, kila mmoja akawaita watu wake. Majina hayo mawili ni ya heshima, yamo ndani ya Qur’ani. Yalipofanywa mwito wa ugomvi, Mtume aliuita mwito wa kijahilia, akaamuru uachwe kwa kuwa unanuka. Ikiwa mwito kwa jina la Ansari ulinuka, huu wako wa “sisi wenyeji” utanukia?

Na wenyeji wepi? Ngome ya Simbamwene, uliponyanyukia mji huu, ilijengwa karne ya 19 na Kisabengo, Mzigua, na baada yake akatawala binti yake. Stanley alipopita mwaka 1871 aliikuta imesimama. Wewe unayemwambia Mchaga wa sokoni arudi kwao, umekaa kwenye mji ulioasisiwa na mtu wa kuja.

Usidhani haya ni maneno ya barazani tu. Desemba 2000, kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika mgogoro wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa. Ugomvi ulikuwa wa ardhi, malisho na maji. Waliomwaga damu wataulizwa kwa mikono yao. Lakini mpaka leo wapo wanaosema “Wamasai ndivyo walivyo”, ilhali Allaah ametufundisha kuwa hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nyingine. Kijana wa Kimasai anayelinda duka lako pale Msamvu, usiku kucha na rungu lake wewe ukiwa umelala, mwaka ule pengine hakuwa amezaliwa. Unamdai damu ya nani?

Wallaahu a‘lam.