Hema zikishang'olewa Makutano, nyanya atameza nini?

Gari la vipaza sauti likipita Makutano, mjini Meru, na kutangaza kambi ya matibabu ya bure, jua kwamba kuna nyanya mashambani ambaye usiku huo hatalala. Ataamka saa kumi alfajiri, afunge vijishilingi vyake kwenye ncha ya leso na kushika matatu ya kwanza. Akifika atakuta vijana wenye afya tele wamemtangulia kwenye foleni, wengi wao wakitafuta miwani na vidonge vya maumivu ya kichwa.

Kwa hivyo hiyo bure ina nauli yake, msomaji. Ina kibarua kilichoachwa, na ng'ombe aliyeachiwa jirani. Hata hivyo watu hufurika, na si ajabu. Mnamo Desemba 1989 Serikali ilianza kuwatoza wagonjwa ada katika hospitali zake, ikaiita kuchangia gharama. Mwaka wa 2004 ada hiyo ilishushwa hadi shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye kituo cha afya, na Juni 2013 ikaondolewa kabisa katika ngazi hizo mbili. Tangu Oktoba 2024 SHA imechukua mahali pa NHIF, na ahadi ni kwamba aliyejiandikisha atatibiwa kwenye zahanati bila kulipa. Kama kabati la dawa lina kitu ndani, hiyo ni hadithi nyingine, nawe unaijua.

Sasa nisikilize vizuri. Yapo maradhi yanayomalizika siku hiyo hiyo. Jino bovu litang'olewa, minyoo itapata dawa yake, na kidonda kitasafishwa. Lakini presha na kisukari havisikii habari ya siku moja. Nyanya wetu atapimwa, aambiwe damu yake imepanda, apewe vidonge vya mwezi mmoja na kupigwa picha akitabasamu. Vidonge vitakwisha. Kwa kuwa presha haina maumivu, ataona amepona. Hapo ndipo kiharusi humvizia mtu, akaanguka jikoni asubuhi moja mdomo ukiwa umekwenda upande.

Tena hata hicho kipimo kina adabu zake. Aliyepanda kilima mbio na kusimama foleni saa nne hawezi kupimwa papo hapo. Aketi kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono umelala mezani. Awe hajanywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa iliyopita. (Na wewe mzee unayetafuna miraa huku ukingoja zamu, mwambie daktari, kwa maana miraa hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio.) Ikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, arudiwe siku nyingine kabla ya kuitwa mgonjwa, isipokuwa kama imepanda mno. Siku nyingine! Itatoka wapi, na hema zinakunjwa saa kumi na moja jioni?

Jibu halihitaji kutafutwa ng'ambo. Shika barabara ya Embu, utapita karibu na Chogoria, ambako Dkt. Archibald Irvine alianza kazi mwaka wa 1922. Hospitali ile haikusifika kwa majengo yake tu. Katika miaka ya 1970 na 1980 ilikuwa na zahanati ndogo ndogo zilizotapakaa vijijini, pamoja na wahudumu waliotembea nyumba hadi nyumba, hata upangaji uzazi wa eneo hilo ukazungumzwa mbali nje ya Kenya. Mama hakungoja gari la vipaza sauti. Alijua mlango wa kubisha wiki ijayo.

Na leo milango hiyo ipo. Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walizinduliwa nchini, wakapewa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Huyo wa kijijini kwenu unamjua, pengine mnaimba kwaya pamoja. Kwa maoni yangu, kambi isiyomwalika huyo mhudumu, wala muuguzi wa zahanati ya karibu, afadhali pesa zake zingenunua dawa zikapelekwa kwenye hiyo zahanati.

Ikiwa kanisa lenu au chama chenu kinapanga kambi, nendeni kwanza kwa ofisi ya afya ya kaunti. Ulizeni zahanati zina dawa gani za presha, nanyi mgawe zizo hizo, ili nyanya asianzishiwe kidonge ambacho hatakiona tena. Wazee wawe na foleni yao. Daktari mgeni awe na kibali cha baraza la madaktari.

Nawe unayempeleka mama yako, mnunulie daftari la kurasa 32. Daktari aandike kipimo, jina la dawa, na tarehe ya kurudi. Usikubali karatasi iliyoandikwa "dawa ya presha" tu. Kabla hamjaondoka uliza: vidonge hivi vikibaki saba, tuende wapi? Wakikosa jibu, uliza tena, kwa sauti, hata kama foleni inanung'unika.