Ngoma Si Sadaka

Liko neno ambalo hatuwezi kulinyamazia. Husemwa siku hizi: "Wenzetu ng'ambo ya bahari wanaangamia kwa njaa na vita, haya, tufanye dansi, kila aingiaye alipe kiingilio, nasi tuwapelekee fedha." Desturi hii ilianza katika miji mikubwa, na vijana wetu wa Zagayu na Bariadi hawakosi kuisikia. Nia yao ni njema. Walakini nia njema bila hesabu ni kama mtungi uliotoboka: mtu huchota kisimani, hufika nyumbani mkono mtupu.

Kwanza tuwajibu wazee wetu wasemao, "Tutoe kwa nini? Watu wa ng'ambo ni matajiri, na wajilishe wenyewe." Je, mmesahau? Katika njaa ya 1974 na 1975 nchi yetu ilikula nafaka iliyoletwa kwa meli. Wengi wanaukumbuka unga wa manjano. Aliyekula cha ng'ambo hawezi kusema ng'ambo si jirani yake. Tena katika Aprili 1994 watu zaidi ya laki mbili wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku mbili tu. Njaa haiulizi cheti cha kuzaliwa. Leo ni yao, kesho ni yetu.

Wala hatusemi kwamba ngoma ni dhambi. Daudi alicheza mbele ya Sanduku la Agano, na aliyemdharau ndiye aliyepata aibu. Padre David Clement, aliyefika Bujora karibu na Mwanza katika miaka ya 1950, alizipokea ngoma za Kisukuma, na sherehe ya Bulabo imefungamana na sikukuu ya Mwili wa Kristo. Lakini kumbukeni pia ngoma ya karamu ya Herode, jinsi ilivyolipwa kwa kichwa cha Yohane Mbatizaji. Basi ngoma yenyewe haina hatia. Twauliza tu, yatumikia nini?

Hapa ndipo ugomvi wetu ulipo. Kila ajuaye Wagika na Wagalu ajua ya kuwa mshindi ni yule avutaye watu wengi, hata wengine hutafuta dawa ya mvuto. Dansi ya kiingilio ina sheria ile ile. Ni lazima ivute watu, na kivutacho huwa ndicho bwana wake. Mtu hutoa shilingi elfu mlangoni. Katika hizo hulipwa wapigaji, na vyombo, na mafuta ya jenereta, na vinywaji. Kilichosalia huitwa sadaka. Mwenye njaa, ambaye kwa jina lake watu walialikwa, amewekwa mwisho wa mstari, nyuma ya muuza pombe! Na yule aliyelipa arudi nyumbani alfajiri akijisifu kwamba ametoa, kumbe amenunua. Alipewa furaha kwa fedha yake. Yeye na duka hawadaiani.

Mtasema kwamba twadhania mabaya tu. Basi tazameni jambo lililofanywa na watu waaminifu. Tarehe 1 Agosti 1971, katika mji wa New York, George Harrison na Ravi Shankar walifanya tamasha kwa ajili ya wakimbizi wa Bangladesh. Watu wapata elfu arobaini walikuja, na dola zaidi ya 240,000 za viingilio zikapewa UNICEF. Lakini fedha nyingine nyingi, za sahani za muziki na za filamu, zilizuiliwa miaka mingi na watoza kodi wa Marekani, kwa sababu mambo ya sheria hayakutengenezwa kabla. Njaa haikuwangojea makarani. Ikiwa watu wakuu wenye wanasheria walikwama hivyo, sembuse sisi tuwekao fedha katika mfuko wa suruali ya mwenyekiti?

Sasa mtazameni Mtakatifu Paulo. Yeye naye alichanga fedha kwa ajili ya maskini wa ng'ambo, yaani wa Yerusalemu. Aliwaagiza Wakorintho kila mtu aweke akiba yake siku ya kwanza ya juma, kabla yeye hajafika, na fedha zichukuliwe na watu waliochaguliwa na kanisa, asiwepo wa kulaumu. Na Wamakedonia waliosifiwa kwa kutoa walikuwa maskini kama sisi. Hakuna aliyewatoza kiingilio.

Vijana watatujibu, "Pasipo ngoma hakuna atakayetoa." Ikiwa ndivyo, basi aibu ni yetu, na ngoma haitaifunika. Lakini hatuamini kwamba ndivyo. Mababu zetu walituachia bugobogobo, ngoma ya jembe. Basi, mvua za kwanza zikinyesha, vijana na walime shamba moja la mtama au la pamba kwa ngoma hiyo, na mavuno yake yote yawe ya wenye njaa. Fedha zihesabiwe mbele ya kanisa, zipelekwe kwa mikono ya Caritas, na stakabadhi isomwe Jumapili watu wote wakisikia. Kisha, sadaka ikiisha kwenda, pigeni ngoma mpaka vumbi lipande, nasi walimu tutakuja kutazama.

Ngoma ya namna hiyo huzaa chakula; ile ya kiingilio hukila. Atakaye kucheza na acheze kwa fedha yake, wala asimtie mwenye njaa katika hesabu ya furaha yake.